Fahamu: Njia za ganglia za msingi na hesabu ya vizuizi

Ganglia za msingi, yaani mafungu ya seli za neva yaliyo ndani kabisa ya ubongo, huongoza mijongeo ya mwili kwa njia mbili ambazo wanafunzi wa udaktari huzikariri kwa taabu isiyo ya lazima, ilhali inatosha kuhesabu vizuizi. Katika njia ya moja kwa moja, striatamu, fungu mojawapo la ganglia hizi, huzuia sehemu ya ndani ya globasi palidasi, fungu jingine, ambayo kwa kawaida huizuia thalamasi, kituo kinachopeleka ishara kwenye gamba la ubongo. Vizuizi ni 2, idadi shufwa, hivyo thalamasi huachiliwa na mjongeo huruhusiwa. Katika njia ya mzunguko, striatamu huzuia palidasi ya nje, nayo huzuia kiini kilicho chini ya thalamasi, ambacho kikiachiliwa huisisimua palidasi ya ndani iizuie thalamasi: vizuizi 3, idadi witiri, na mjongeo hupungua. Dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini zaidi, maana huichochea njia ya kwanza kupitia vipokezi vya D1 na kuituliza ya pili kupitia D2, kwa hiyo inapopungua, kama katika ugonjwa alioueleza James Parkinson mwaka 1817, misuli hukakamaa na mgonjwa huwa mzito wa kujongea. Katika ugonjwa wa Huntington, njia ya mzunguko ndiyo hutangulia kuharibika, na viungo huchezacheza bila hiari.