Njia Imehamishwa, Ramani Haijaambiwa

Huko England na Wales, mtu yeyote anaweza kukatiza shamba la mwenzake kwa miguu bila kuomba ruhusa, ili mradi anafuata njia ya umma. Njia hizo zina urefu wa zaidi ya kilomita 200,000, na kila iliyoingizwa katika ramani rasmi ya halmashauri ina ushahidi usiopingika mahakamani. Mwenye shamba hawezi kuihamisha kwa matakwa yake. Halmashauri ndiyo hutoa amri, mara nyingi chini ya Sheria ya Barabara Kuu ya 1980, na umma hupewa angalau siku 28 za kuweka pingamizi.

Tangazo la amri huchapishwa katika gazeti la eneo hilo, huwekwa katika ofisi za halmashauri na hubandikwa kwenye ncha za kipande kinachohusika. Nakala hupelekwa kwa vyama vilivyotajwa katika kanuni, kikiwemo chama cha watembeaji, Ramblers. Wachora ramani wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa London mwaka 2004, hawamo katika orodha hiyo. Programu nyingi za simu zinazowaongoza watembeaji huchota njia humo. Ndiyo ramani ambayo mradi wa Ramani Huria uliitumia kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko.

Hata anayelipata tangazo hajamaliza kazi. Amri hutolewa kwanza, kisha huthibitishwa, na ikipingwa huamuliwa na mkaguzi wa serikali. Baada ya hapo, mara nyingi njia ya zamani haifungwi mpaka halmashauri iridhike kwamba mageti na vivuko vya njia mpya viko tayari. Mchoraji anayefuta njia siku ya tangazo la kwanza anamnyima mtembeaji haki ambayo bado ipo. Anayechelewa anampeleka kwenye uzio. Mchoraji anahitaji kujua tarehe ya kila hatua, na hatua za mwisho ndizo ngumu zaidi kuzifuatilia ukiwa mbali.

Halafu kuna hakimiliki. Mchoro unaoambatishwa na amri kwa kawaida huchorwa juu ya ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, hivyo mtu wa OpenStreetMap hawezi kuunakili bila leseni inayomruhusu. Halmashauri kadhaa zimekwisha kutoa mtandao wao wote wa njia chini ya Leseni Huria ya Serikali. Ni hatua njema, lakini faili la mtandao mzima halimwambii mtu ni kipande gani kimebadilika, lini, na kwa amri ipi.

Taarifa hizi zote halmashauri inazo tayari, kwa kuwa imeziandika yenyewe. Izitoe kama data: namba ya amri, viwianishi vya njia ya zamani na mpya, hatua iliyofikiwa na leseni huria. Na wizara husika iwaongeze wachora ramani huria katika orodha ya wanaotumiwa nakala.