Barua ikisema "lay off": umefutwa au unangoja msimu?

Masika yakianza na kusi likivuma, hoteli nyingi za Pwani yetu, tangu Diani hadi Malindi, hubaki na vyumba vitupu. Huo ndio wakati wafanyakazi hupewa barua za Kiingereza, na ndani yake mna maneno mawili mafupi: "lay off". Mmoja akisoma husema amepigwa kalamu, mwengine husema ataitwa watalii wakirudi. Ni maneno yale yale, na kila mmoja anashika lake.

Wa kulaumiwa si msomaji. "Lay" peke yake ni kulaza, kuweka chini, au kuku kutaga. "Off" ni kutoka au kuzimika. Ukiyafasiri moja moja hupati kitu. Yakiungana ndipo huzaa maana mpya, na maana zenyewe ni zaidi ya moja.

Maana ya kwanza ni ya kazini: mwajiri kumwondoa mfanyakazi kwa sababu kazi imepungua au pesa hazipo, si kwa sababu amekosa. Hapo zamani neno hili lilikusudia kusimamishwa kwa muda tu, mtu akingojea kazi ipatikane arudi. Uingereza, sheria yao ya kazi ingali yalitumia hivyo mpaka leo. Lakini katika mazungumzo na magazeti, hasa ya Marekani, siku hizi mara nyingi humaanisha kazi imekwisha moja kwa moja. Ndiyo sababu barua yenye neno hilo bila maelezo haikutoshi.

Maana ya pili ni kuacha jambo. Daktari akikwambia "lay off sugar", anakutaka uache sukari. Maana ya tatu ni kuacha kumsumbua mtu, na hapa mpangilio wa maneno hubadilisha kila kitu. "They laid him off" ni "walimwachisha kazi". "Lay off him" ni "mwacheni, msimchokoze". Na wapenzi wa kandanda husikia maana ya nne: mshambuliaji akipokea mpira na kumtengea mwenzake apige, mtangazaji wa Kiingereza husema "he lays it off".

Turudi kazini, maana huko ndiko kwenye riziki. Usichanganye "laid off" na "sacked", "fired" wala "dismissed". Hayo matatu mara nyingi huwa na lawama ndani yake: umeiba, umelewa kazini, umetoroka zamu. "Suspended" ni kusimamishwa, mara nyingi uchunguzi ukiendelea, na bado u mfanyakazi. "Unpaid leave" ni likizo isiyo mshahara, na ajira yako ingalipo.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina neno lake, "redundancy", yaani kupoteza kazi bila hiari yako na bila kosa lako kwa kuwa nafasi yako haihitajiki tena. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri atoe notisi isiyopungua mwezi 1 kwa chama cha wafanyakazi na afisa wa leba. Asiye mwanachama huandikiwa yeye mwenyewe, na afisa wa leba pia huarifiwa. Kuchagua nani aende hufuata muda wa kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu, si upendeleo. Kisha mfanyakazi hulipwa siku za likizo alizobakisha, hupewa notisi ya mwezi au mshahara badala yake, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Aliyetimiza miaka 8 basi ana siku 120. Aliyedhani "lay off" ni kungoja msimu tu, na kumbe kazi imekwisha, huenda asizidai siku hizo, na muda wa kwenda mahakamani ni miaka 3.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, yasema anayetaka kuachishwa kwa kosa au utendaji duni aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na awe na mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake. Kiswahili basi si lugha ya kuombea radhi mbele ya meneja. Ikiwa ndiyo lugha unayoifahamu, kuelezwa kwayo ni haki yako.

Kwa hivyo barua ikija, uliza mambo manne kabla ya kutia sahihi. Je, ajira yangu imekwisha au imesimama? Kama imesimama, narudi tarehe gani? Sababu ni upungufu wa kazi au kosa? Na nalipwa nini, lini? Majibu uyatake kwa maandishi, kwani ahadi ya mdomo, "tutakupigia simu", haina tarehe wala mshahara.

Barua yenyewe usiitupe, hata ikikukera. Iweke pamoja na mkataba wako na karatasi za mshahara. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho la miaka 8 ni mali.