Komba ya mazoezi haiko vita

Leo tuongee juu ya komba ya mazoezi, ile saa mwalimu wa karate, judo ao ngumi anasema muache kupiga hewa, mushikane wawili wawili, mujaribu. Katika vilabu vingi watu wanaamini kama mutu asiyetoka na damu ao jicho limevimba, siku hiyo hakufanya kitu. Mimi siamini hivyo, na mfano wangu wa kwanza ni kijana wa hapa hapa Mashariki.

Popole Misenga alizaliwa Bukavu. Alikuwa na miaka 9 vita ilipomkimbiza Kisangani, akabaki porini siku 8, kisha akapelekwa Kinshasa kwenye kituo cha watoto waliokimbia vita. Kule njo alijulia judo. Mwaka 2013 alienda Rio de Janeiro, Brazili, kwa mashindano ya dunia, pamoja na Yolande Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu, na wote wawili hawakurudi. Waliwasimulia wanahabari kwamba walipokuwa huku, ukishindwa unafungiwa kama mfungwa. Sasa angalieni kilichofuata. Walipoanza mazoezi Brazili kwa kocha Geraldo Bernardes, wenzao waliwaona wakali kupita kiasi. Ilibidi kocha awaeleze kwanza kwamba yule unayefanya naye mazoezi haiko adui.

Je, kulegeza mkono kulimfanya Popole kuwa laini? Mwaka 2016 aliingia Olimpiki ya Rio katika timu ya wakimbizi, uzito wa kilo 90, akamshinda Avtar Singh wa India. Kisha akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, ambaye alishakuwa bingwa wa dunia. Hapo hakuna aibu.

Sababu yenyewe ni rahisi. Mutu akijua kwamba kuanguka ni adhabu, atarudilia paka kile kitu kimoja anachokijua. Hawezi kujaribu mguu wa kushoto, hawezi kumpa mwenzake nafasi ili aone itakuwa namna gani. Atakaza mabega, atashikilia pumzi, dakika mbili amechoka. Lakini mahali ambapo kuanguka ni sehemu ya mchezo, utaanguka mara 20 jioni moja, na kila mara umejifunza kitu. Kano Jigoro, Mjapani aliyeanzisha judo mwaka 1882, alielewa hiyo mapema. Katika komba ya mazoezi, ile wanayoita randori, aliondoa mapigo na mbinu za kuvunja viungo ovyo, akaziacha kwenye mazoezi ya kupangwa. Kwa hiyo watu waliweza kukamatana kwa nguvu na kesho wakarudi. Akaweka pia kanuni kwamba wewe na mwenzako musonge mbele pamoja. Wengine wanadhani ni maneno ya kupamba ukuta, lakini ni hesabu tu: ukimvunja mwenzako, kesho utafanya mazoezi na nani?

Hata wakubwa wa dunia iliwafika, tena kwetu Kongo. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman pale Kinshasa lilipangwa mwezi wa 9 mwaka 1974. Siku chache mbele, Foreman alikuwa kwenye mazoezi, kiwiko cha Bill McMurray, mwenzake wa mazoezi, kikampasua juu ya jicho. Pambano zima likasogezwa paka tarehe 30 mwezi wa 10. Kiwiko kimoja tu, na waliokuwa wanangojea ni dunia nzima. Foreman alikuwa na madaktari karibu. Sisi wa Kabambare, mutu akivunjika mguu, tunatafuta pikipiki kwanza, na mvua ikinyesha barabara inajibu yenyewe.

Sasa mchezo wenyewe. Ninaoupenda zaidi ni wa kugusana mabega: munasimama uso kwa uso, kila mutu anatafuta kugusa bega la mwenzake kwa kiganja wazi, bila yeye kuguswa. Utafikiri ni ya watoto. Fanya dakika tatu, utaona miguu inajifunza kutoka kwenye mstari na macho yanaacha kufumba. Kisha munabadilisha, munagusa magoti. Kwa wale wa judo, mmoja aweke mkono wake mmoja ndani ya mkanda, apigane na mkono uliobaki, zaidi kama yeye njo mwenye nguvu. Mkubwa akikutana na mdogo, kazi ya mkubwa ni kutumia nguvu ndogo na akili nyingi. Asipoweza, bado hajui, hata kama mkanda wake ni mweusi.

Mwendo wapange mbele ya kuanza, na yule dhaifu njo anaamua, siyo yule mwenye nguvu. Akigonga mara mbili kwa mkono, ao akisema «basi», munaachana palepale. Hakuna kumalizia pigo lililokuwa njiani. Mwalimu naye asimame karibu, asiwe kwenye simu, juu hasira inaonekana usoni mbele ya kufika mkononi.

Kuhusu kichwa, hapo hapana mchezo. Japani, nchi ya judo yenyewe, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa kwenye judo ya mashule kati ya mwaka 1983 na 2011. Wengi walikuwa wapya, na mara nyingi ni ile mbinu ya kufagia mguu kwa nyuma: mutoto anaanguka chali, kisogo kinapiga chini. Kwa hiyo mupya ajifunze kuanguka kwanza, majuma na majuma, kidevu kifuani, mkono unapiga chini. Na mutu aliyepigwa kichwa akaona giza, akasahau tuko wapi, akatapika ao akayumba, amemaliza siku hiyo, hata akisema yuko muzima. Usimuache alale peke yake nyumbani bila mutu wa kumuangalia. Maumivu ya kichwa yakizidi, ao akianza kusinzia ovyo, ni hospitali usiku uleule. Kurudi kwenye komba mbele ubongo haujapona kunaweza kumuua kwa pigo dogo kabisa.

Neno la mwisho ni sakafu, na hapa naongea kama mutu wa kilimo. Tatami ni bei kali, lakini Maniema tuko na mpunga, na nyuma ya kila mashini ya kukoboa kuna mlima wa pumba ambazo watu wanachoma bure. Zikaushe vizuri kwenye jua, jaza magunia ya zamani, yapange yakibanana kabisa, kisha juu vuta shitingi ikaze, juu pengo kati ya magunia linakamata vidole vya mguu. Pumba zisibaki wazi, vumbi lake linachoma macho na kifua. Piga goti kwa uzito wako wote: ukisikia udongo, ongeza. Kila baada ya mvua fungua gunia moja unuse, kama kuna harufu ya kuoza, badilisha. Na mbele ya mazoezi mutu mmoja apite miguu mitupu, polepole, kona kwa kona, kutafuta jiwe na misumari.