Mtoto Anatazama Video: Je, Anasoma?

Wazazi wengi katika jumuiya ndogo ndogo wanatuuliza swali moja. Kijana yuko chuo kikuu, lakini likizo nzima amelala na simu mkononi. Ukimwuliza, anasema ati anasoma. Na kila wiki anaomba pesa ya data, mpaka kuku wanaisha boma.

Tusimhukumu haraka. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wahadhiri wengi walianza kufundisha kwa mtandao, na video hazikwisha milango ilipofunguliwa. Wala si jambo geni kwetu. Mwaka wa 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakafuata masomo yaliyorushwa kwa setilaiti.

Wanafunzi wanapenda video, na wana sababu. Katika ukumbi uliojaa, nani atainua mkono aseme hajaelewa? Video unaisimamisha, unairudisha nyuma hata mara tano, na hakuna wa kukucheka.

Shida iko mahali pengine. Mtu akifurahia video hudhani ameshaielewa. Mwaka wa 2013 Shana Carpenter na wenzake huko Marekani waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu video ya dakika moja hivi, kuhusu kwa nini paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Kikundi kimoja kilimwona mwalimu amesimama wima, anaongea bila kukwama. Kikundi cha pili kilimwona mwalimu yule yule ameinamia karatasi, anasitasita. Wale wa kwanza walikuwa na hakika watakumbuka mengi zaidi. Walipopimwa, kumbe walikuwa karibu sawa na wenzao! Maneno ya mwalimu hodari yaliteleza vizuri masikioni, wakadhani yamebaki kichwani.

Ni kama kumtazama mama akisukuma chapati. Unaona rahisi, mpaka ushike mti wa kusukumia mwenyewe na chapati itoke kama ramani ya Kenya.

Kwa hivyo mwanafunzi atazame kipande kifupi, afunge simu, aandike anachokumbuka bila kuchungulia, ndipo arudi kuangalia alichosahau. Inachosha, ndiyo, na wengi wataona kama wanapoteza wakati. Lakini kule kujikamua ndiko kunakofanya somo likae.

Kuhusu data, apakue video akiwa bado chuoni ambako mtandao ni wa bure, na apunguze ubora wa picha. Ubao husomeka vizuri tu hata picha isipong'aa.

Nawe mzazi, hata kama hukusoma, unaweza kumpima. Jioni mkiwa jikoni, mwambie akueleze kwa lugha ya nyumbani alichotazama leo, bila simu. Akikwama katikati, airudie ile video aliyo nayo kwanza, halafu ndio mzungumze habari ya pesa ya data.