Lango, Mkondo na Vali: Istilahi za Mtambo wa Haidroliki katika Trekta

1. Utangulizi

Wenje iko kando ya Mto Tana, baina ya Hola na Garsen. Wapokomo wa sehemu hiyo wamelima kingo za mto kwa vizazi vingi wakifuata mafuriko yake, nao Waorma wamenywesha mifugo yao humo. Katika mazingira kama hayo maneno mkondo, mfereji, tuta na lango hayahitaji fasiri. Yanayohitaji kufasiriwa ni yale yaliyofichika ndani ya trekta linapolima udongo mzito wa bonde hilo, yaani njia za mafuta yanayoinua jembe. Kila kifaa kinachoyaongoza mafuta hayo huitwa vali. Lakini neno hilo moja limebebeshwa kazi tatu zisizofanana, na mwanafunzi asiyezitenganisha aweza kuharibu mtambo au kujiumiza. Makala haya yanakusudia kuzitenganisha kazi hizo na kuzitafutia majina.

2. Asili ya Nguvu

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja: vali haizalishi nguvu. Pampu inayozungushwa na injini ndiyo iyasukumayo mafuta kutoka tangini, na upinzani wa mzigo ndio uzushao kanieneo. Mwaka 1989 Tana ulipohama njia yake huko Hola, mradi wa umwagiliaji ulioanzishwa mwaka 1953 ulikosa maji, ingawa mifereji yake ilikuwapo. Lango lisilofikiwa na mkondo halina cha kugawa. Na vali, pampu ikichakaa, ni hivyo hivyo.

Istilahi kanieneo imeundwa kwa kani na eneo, na hivyo yabeba kanuni yake yenyewe. Kanieneo ya kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba, ikiielemea pistoni yenye eneo la sentimita 40 za mraba, huweza kuhimili mzigo wa kilo 6,000.

3. Kazi Tatu za Vali

Kazi ya kwanza ni kugawa. Ndani ya vali ya namna hii mna kijiti cha chuma chenye mabonde na matuta, kinachoteleza ndani ya tundu lenye milango kadhaa. Dereva akitaka kuinua jembe, husogeza wenzo, na kijiti huelekeza mafuta kwenye silinda. Akitaka kulishusha, njia ya kurudi tangini hufunguka, na uzito wa jembe huyasukuma mafuta nje. Wenzo ukikaa katikati, mafuta ya silinda hufungiwa. Nayo ya pampu, katika matrekta mengi, hupitiliza na kurejea tangini.

Kazi ya pili ni kukinga. Springi hubana gololi au kizibo juu ya tundu. Kanieneo ikiishinda springi, kizibo huinuka na mafuta ya ziada hurudi tangini, mithili ya mchepuko unaopunguza maji kabla tuta halijabomoka. Fundi anayeikaza springi ili trekta liinue mzigo uliolishinda, kwa hakika ameuziba mchepuko. Mpira huweza kupasuka. Hata tundu dogo kama la sindano hurusha mafuta yanayopenya ngozi, na jeraha hilo, dogo kwa kutazama, huhitaji upasuaji wa haraka.

Kazi ya tatu ni kupima, yaani kupanua au kubana njia ili mafuta yapite kwa kiasi. Silinda iliyotajwa ikipokea lita 12 kwa dakika, pistoni husogea sentimita 5 kila sekunde. Ikipokea lita 6, husogea sentimita 2.5. Mzigo ni uleule, na kanieneo inayoubeba ni ileile. Kilichobadilika ni kasi. Neno nguvu likitumiwa kwa kanieneo na kwa kiasi cha mkondo, tofauti hii hupotea.

4. Mpaka wa Mfano

Mfano wa mto una mwisho wake. Maji ya mfereji hufuata mteremko, na lango likifungwa hupanda polepole. Mafuta yaliyofungiwa hueneza kanieneo kila upande, kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Na kwa kuwa hayasindikiki ila kidogo sana, njia ikizibwa pampu ikizunguka, kanieneo hupanda mara moja. Mwalimu asiyetaja mpaka huo humfanya mwanafunzi adhani anao muda wa kutosha, na kumbe hanao.

5. Hitimisho

Neno vali limekwisha kuzoeleka, wala hapana haja ya kuling'oa. Linalopungua ni vivumishi vya kulipambanua, navyo vyapatikana katika vitenzi vilivyomo tayari katika lugha: vali ya mgao, vali ya kinga na vali ya kipimo. Ubora wa istilahi hizo hautaamuliwa na kamusi peke yake. Utaamuliwa pia na fundi aliyeshika spana mkononi, iwapo jina litamjulisha ni nati ipi asiyopaswa kuikaza.