Tiba ya Mazungumzo kwa Asiye na Bima

Katika miji ya Marekani ambamo Kiswahili kimepata makazi mapya, kuanzia Louisville huko Kentucky hadi Portland katika jimbo la Maine, wako watu wengi waliosalimika na vita na kuvumilia miaka ya kambini, kisha wakakutwa na dhiki ya nafsi wakati ule ule ambapo jamaa zao waliwadhania kuwa wamefika kwenye raha. Usingizi huwapaa, chakula hakiwapiti kooni, hasira huwajia bila sababu, na kazi waliyoizoea huwaelemea. Wengi wao wanafahamu kwamba yuko mshauri ambaye kazi yake ni kuisikiliza na kuiongoza nafsi iliyolemewa, na kwamba siku hizi mshauri huyo hupatikana kwa simu au kwa video pasipo haja ya kupanda basi; lakini husitasita, kwa kuwa wamekwisha kusikia kwamba kikao kimoja huweza kugharimu dola 100, 150 au hata 200, nao hawana bima. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya ndugu zao walioko Bukavu, Kigoma, Mombasa na Kampala wanaopokea simu zao za usiku. Na neno lake kuu ni kwamba aliyekosa bima hakukosa haki, na milango ya nafuu ni mingi kuliko inavyodhaniwa.

Msomaji aliye mbali huenda akastaajabu kusikia kwamba mtu mwenye kazi katika nchi tajiri hana bima. Sababu ni kwamba huko bima ya watu wengi hutoka kwa mwajiri, na mwajiri halazimiki kumpa kila mtu: aliyeajiriwa kwa saa chache, au kwa kupitia wakala, aghalabu huachwa nje. Iko bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, iitwayo Medicaid, lakini masharti yake hutofautiana jimbo kwa jimbo. Na Texas, ambako Wakongo wengi wamepewa makazi, ni miongoni mwa majimbo yaliyokataa kuwapanulia watu wazima mlango huo. Basi mtu huweza kuwa fukara mbele ya hesabu zake mwenyewe, na bado asihesabiwe fukara wa kutosha mbele ya sheria.

Mlango wa kwanza wa kubishwa ni vituo vya afya vya jamii vinavyosaidiwa kwa fedha za serikali kuu, ambavyo asili yake ina nasaba na bara letu. Mnamo mwaka 1940 tabibu Sidney Kark na mkewe Emily, aliyekuwa tabibu pia, walianzisha kituo cha afya huko Pholela, katika Natal ya Afrika Kusini, wakishika kanuni kwamba maradhi ya mtu hayatibiki barabara pasipo kutazama nyumba anamolala, chakula anachokula na hali ya jamii inayomzunguka. Mwaka 1957 mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, H. Jack Geiger, alikwenda kujifunza katika vituo vyao; na mwaka 1965, akishirikiana na tabibu Count Gibson, akafungua kituo cha namna hiyo Columbia Point, mjini Boston, kisha kikafuata kingine Mound Bayou, Mississippi. Kutokana na viwili hivyo vimeenea vingine nchi nzima, na vingi kati yavyo leo vinao washauri wa afya ya akili wanaozungumza na watu kwa video au kwa simu.

Kanuni ya vituo hivi ni kwamba hapana mtu wa kurudishwa kwa kuwa hana cha kulipa. Ijara hupimwa kwa kipato na kwa idadi ya watu wa nyumba: ambaye kipato chake hakikuzidi kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali hulipa kidogo sana au halipi kabisa, na ambaye amekizidi kiwango hicho lakini hakukipita maradufu hupunguziwa kwa daraja. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola 32,150 kwa mwaka kwa nyumba ya watu 4. Kwa hiyo baba afanyaye kazi katika kiwanda cha nyama huko Iowa, mwenye mke na watoto wawili, akiwa anapata dola 45,000, ana haki ya kupunguziwa, ijapokuwa yeye mwenyewe hudhani kuwa nafuu hiyo imewekewa walio maskini kuliko yeye.

Njia ya kuipata nafuu hii huanza kwa simu. Mpigaji na ataje kwanza lugha yake, kwani kituo kinachopokea fedha za serikali kuu kinapaswa kumpatia mkalimani bila malipo, naye mara nyingi huunganishwa kwenye simu hiyo hiyo. Wala asikubali mtoto wake wa shule ageuzwe mkalimani wa siri za mzazi. Kisha aulize: je, mnaye mshauri wa afya ya akili? Je, naweza kuzungumza naye kwa video au kwa simu? Na je, kwa kipato changu nitalipa kiasi gani? Siku ya kuandikishwa ataombwa hati za mshahara za karibuni na hesabu ya watu wa nyumbani. Asiye na hati hizo aulize kama barua ya mwajiri inatosha. Akijibiwa kwamba foleni ni ndefu, jambo ambalo hutokea mara kwa mara, asikate simu kwa huzuni: aandikishe jina lake papo hapo, aombe kuitwa iwapo mwingine ataahirisha miadi, na huku abishe mlango wa pili.

Mlango huo wa pili ni kliniki za vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia na ushauri nasaha, ambako wanafunzi wa shahada za juu huwahudumia watu kwa ijara ndogo chini ya walimu wenye leseni. Wapo wanaoidharau huduma hii kwa sababu ya jina la uanafunzi, ilhali mwanafunzi huyo hana wateja wengi wa kumgawanya fikira, na kazi yake hupitiwa na jicho la mtu mwenye tajiriba. Wa tatu ni Open Path, shirika lisilo la faida lililowakusanya washauri waliokubali kupunguza ijara yao: mtu hulipa ada ya dola 65 mara moja tu, na baada ya hapo kikao cha mtu mmoja huwa kati ya dola 40 na 70. Na wale waliopatwa na mateso mikononi mwa askari au wanamgambo wanayo sehemu yao mahsusi: shirika la Center for Victims of Torture, lililoanzishwa Minnesota mwaka 1985, huwahudumia bila kuwatoza, na mashirika ya jinsi hiyo yako katika majimbo mengine pia.

Hata mshauri afanyaye kazi peke yake huweza kuulizwa kama anazo nafasi za bei nafuu, maana wengi huziweka chache kwa ajili ya wasio na uwezo. Kuuliza huko si kuomba sadaka, wala hakumvunjii mtu heshima yake. Tena tangu tarehe 1 Januari 2022 sheria ya nchi inampa mtu asiye na bima haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi anapoweka miadi mapema au anapouliza bei. Karatasi hiyo hutaja huduma atakayopewa na gharama inayotazamiwa. Na endapo hesabu ya mwisho itayazidi makadirio kwa dola 400 au zaidi, anaruhusiwa kuipinga. Na aihifadhi karatasi hiyo pamoja na hati zake nyingine za thamani.

Lakini unafuu wa bei usimpofushe mtu. Mshauri sharti awe na ruhusa ya kufanya kazi katika jimbo alimo mteja wakati wa mazungumzo, na jina lake huweza kutazamwa bure katika daftari la leseni la jimbo, lililo wazi kwenye intaneti. Siri nayo ni amana. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya serikali kuu iliishutumu kampuni ya BetterHelp, iuzayo ushauri wa mtandaoni, kwamba iliwapa Facebook na wengineo habari za wateja kwa ajili ya matangazo, ilhali iliahidi kuzihifadhi. Kampuni haikukiri kosa, lakini ilikubali kulipa dola milioni 7.8 za kuwarudishia wateja. Kwa hiyo, kabla ya kujibu maswali ya programu yoyote kuhusu huzuni yako, soma au somewa inavyosema juu ya kuwapa wengine habari zako.

Liko pia suala la faragha ndani ya nyumba. Katika fleti ya vyumba viwili yenye watu saba, mahali pa kusema ukweli ni haba. Kwa hiyo wako wanaozungumza na washauri wao wakiwa wameketi ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimefungwa, simu imeegemezwa kwenye usukani na visikizi vimo masikioni. Hapana aibu katika hilo, mradi gari limesimama. Na mshauri aambiwe mwanzoni mtu yuko wapi, na kama kuna anayeweza kusikia.

Yote haya ni ya mtu awezaye kungoja. Ambaye mawazo ya kujiua yamemjia asingoje foleni wala makadirio: apige 988, namba iliyofunguliwa kote Marekani tarehe 16 Julai 2022, inayopokelewa usiku na mchana bila malipo, na aseme kwamba anahitaji mkalimani wa Kiswahili.

Kwa ndugu walio nyumbani, nina ombi moja. Jamaa yenu akiwaambia kwamba anataka kuzungumza na mshauri, msimjibu kwamba huko ni kujidekeza, wala kwamba sala peke yake ingetosha kama imani yake ingekuwa timamu. Sala na tiba zimekaa pamoja katika nyumba zetu tangu zama za mababu. Na kwa wale waliotangulia kufika ugenini, wakazijua fomu na lugha ya watu wa huko: ketini pembeni mwa mgeni wenu katika ile simu ya kwanza, mumsaidie kuandikishwa na kumpata mkalimani, kisha, atakapoanza kuzungumza na mshauri wake, mtoke chumbani.