Mbaazi Zina Walaji Wawili

Mama anapoziroweka mbaazi usiku ili azichemshe alfajiri, hawapikii jamaa zake peke yao. Ndani ya utumbo mpana wa kila mmoja wetu mna bakteria wasiohesabika, na riziki yao ni kile tusichoweza kukisaga wenyewe: nyuzinyuzi za kunde, mchicha, viazi vitamu na nafaka isiyokobolewa. Wali mweupe na boflo huishia karibu wote katika utumbo mwembamba, na wale wa chini wakashinda na njaa.

Bakteria huzichachua nyuzinyuzi hizo na kutoa asidi, mojawapo ikiitwa butireti. Hii hulisha ukuta wa utumbo wenyewe. Nyingine huingia damuni na kuusaidia mwili kuitumia insulini sawasawa, jambo ambalo mwenye kisukari analijua thamani yake.

Mabadiliko hayachukui miaka. Mwaka 2015 zilitangazwa habari za Wamarekani Weusi 20 wa Pittsburgh na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini waliobadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipokula mahindi, maharagwe na mboga, butireti yao iliongezeka mara mbili na nusu. Waafrika waliolishwa nyama na vibanzi, yao ilishuka hadi nusu. Hao wa pili ndio wanaonitia hofu, maana ndiyo njia wanayoishika watoto wetu kila jioni vibandani.

Nyama nyekundu nayo ina kanitini. Bakteria huigeuza, kisha ini hulimalizia kazi na kutoa kemikali iitwayo TMAO, ambayo ikizidi damuni huandamana na maradhi ya moyo. Watafiti wa Cleveland Clinic walieleza mwaka 2013 kwamba mtu aliyezoea kula mimea tu, alipolishwa nyama, hakuitoa ila kidogo mno. Bakteria wa kazi hiyo hawakuwa wamelelewa tumboni mwake.

Lakini tusijidanganye kwa mbaazi zinazoogelea katika tui la kasimele. Mafuta yale hupandisha lehemu. Tui la pili latosha, na chumvi kidogo.

Asiyezoea aanze na upawa mmoja kwa siku, la sivyo tumbo litajaa gesi. Naye anayetumia dawa za kisukari asiziache, bali amwarifu tabibu wake kwamba amebadili chakula, kwani sukari yaweza kushuka.